Lango na Seva Zilizo Nyuma Yake

Mhadhara uliotolewa mbele ya wahandisi, wakuu wa idara na wananchi, na sasa unapigwa chapa



Awali ya yote natoa shukurani kwa walionialika, ambao wameridhia kwamba jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi peke yao liletwe mbele ya kadamnasi ya watu wa kila kazi, mahakimu, waganga, wahasibu na wakuu wa shule. Nimelifurahia hilo kwa moyo wote, kwa sababu mafundi wanaoisimika mitambo ya kompyuta ni wachache, na aghalabu hufanya kama walivyoagizwa. Lakini wenye kuagiza, wenye kutoa fedha, na wenye kuhimiza kazi iishe kabla ya mwisho wa juma, ni ninyi mlioketi hapa, na ninyi ndio ninaotaka kusema nanyi zaidi.

Makusudi yangu ni kuzungumza juu ya lango la kuingilia kwa mbali, yaani ile kompyuta inayosimama baina ya intaneti na seva za idara, ambayo mfanyakazi aliye nyumbani, au safarini, au katika tawi la wilayani, huifikia kwanza, akajitambulisha kwayo, kisha nayo ikamfikisha kwenye seva anayoihitaji. Tangu mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulipoanza kazi mwezi wa Julai mwaka 2009, na mingine ikafuata, limekuwa jambo la kawaida katika nchi zetu kwa tawi dogo kufanya shughuli zake zote juu ya seva iliyo katika mji mwingine, na lango hilo ndilo linalopitiwa na mishahara, majalada ya wagonjwa na hati za viwanja. Dai langu ni moja: kwamba tumejishughulisha mno na upande wa lango unaotazama barabara, tukauacha ule unaotazama ndani, na kwamba lango lisiloweza kuthibitisha kuwa seva linayozungumza nayo ndiyo hasa iliyokusudiwa halijalindwa, hata likiwa limefungwa kwa nje kwa makufuli yote yaliyopo duniani. Wasikilizaji wasiokuwa wa fani hii wanivumilie mahali pachache. Nitajitahidi kueleza kila neno kabla ya kulitumia.

Hoja ya kwanza: kwamba utambulisho ni wajibu wa pande mbili

Kabla ya mwaka 1995, mtu aliyetaka kuitumia kompyuta iliyo mbali aghalabu alitumia itifaki, yaani utaratibu wa kompyuta kuzungumziana, iitwayo Telnet, ambayo huchukua kila herufi kama ilivyopigwa, nywila ikiwa miongoni mwa herufi hizo, bila ya stara yoyote, hata ikawa kila aliyepata mahali pa kutega sikio katika njia hiyo aliweza kuzisoma siri za wapitao. Katika mwaka huo, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Ufini, iligunduliwa programu ya kutega sikio iliyopandikizwa katika mtandao wa chuo, nayo ilikuwa imekwisha kukusanya nywila nyingi. Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, aliketi akaitunga itifaki ya SSH, akaitoa bure mwezi wa Julai wa mwaka ule ule. Na poti aliyoiombea, namba 22, ilikuwa wazi baina ya 21 ya FTP na 23 ya Telnet, ambazo ndizo itifaki mbili alizokusudia kuziondoa.

Kinachokumbukwa katika habari hii ni kwamba SSH huyafumba maneno yasisomeke njiani. Kinachosahauliwa ni kwamba kuyafumba maneno hakufai kitu iwapo yule unayemnong'oneza ndiye adui mwenyewe. Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha mwaka 1976 jinsi watu wawili wasiojuana wanavyoweza kuafikiana siri moja huku wakisikilizwa na ulimwengu mzima, na msikilizaji asiweze kuipata siri hiyo. Nalo kwa hakika ni miongoni mwa mambo ya ajabu yaliyovumbuliwa katika karne ile. Lakini maafikiano hayo peke yake hayasemi kitu juu ya nafsi ya mwenzako. Mtu akiweza kujipenyeza katikati, huafikiana siri moja na wewe na siri nyingine na seva, akawa anayapokea maneno yako, anayafumbua, anayasoma, anayageuza apendavyo, kisha anayafumba tena na kuyapeleka mbele, ilhali ninyi nyote wawili mnadhani mnazungumza faraghani. Kwa sababu hiyo kila seva ya SSH imepewa jozi ya funguo, mmoja wa siri usiotoka ndani yake, na mmoja wa hadhara unaoonyeshwa kwa kila ajaye. Na katika kila mazungumzo seva hutia sahihi kwa ule wa siri, ili ajaye ahakiki kwa ule wa hadhara. TLS, inayotumika katika tovuti na katika malango mengi, hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia ya vyeti, yaani hati zenye jina la seva na ufunguo wake wa hadhara, zilizotiwa sahihi.

Mtumiaji, basi, hujithibitisha kwa seva, na seva hujithibitisha kwa mtumiaji. Lango likiwekwa baina yao wajibu huu hauondoki, bali huongezeka maradufu: lango sharti lijithibitishe kwa mtumiaji, na seva sharti ijithibitishe kwa lango, maana kuanzia hapo mtumiaji hana tena njia ya kuihakiki seva mwenyewe, amelikabidhi lango kazi hiyo kwa niaba yake, naye hana habari kama lango linaifanya au haliifanyi.

Hoja ya pili: kwamba upande wa ndani si upande wa salama

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo penye maradhi.

Nikiyasema haya kwa wakuu wa ofisi, jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba seva zao zimo ndani, katika chumba kilichofungwa, katika mtandao wa ofisi, na kwamba huko ndani hakuna mgeni. Jibu hili limejengwa juu ya dhana kwamba mtandao wa ndani unajua nani ni nani. Haujui. Ndani ya ofisi kompyuta hutafutana kwa itifaki ya ARP, iliyoandikwa mwaka 1982, na kazi yake ni hii: kompyuta inayotaka kuifikia anwani fulani huwauliza wote walio jirani, "Ni nani mwenye anwani hii?", na anayejibu huaminiwa. Hakuna cheti, hakuna sahihi, wala hakuna shahidi. Kompyuta ya karani iliyoingiwa na programu haramu kwa sababu ya kiambatisho kimoja cha barua pepe inaweza kujibu, "Ni mimi," na tangu wakati huo maneno yaliyokusudiwa kwenda kwenye seva ya mishahara yakawa yanapita kwayo kwanza. Zipo swichi zenye uwezo wa kulizuia jambo hilo, lakini sharti ziwe zimenunuliwa, na uwezo huo uwe umewashwa na mtu anayeujua. Na hata hapo zinakinga sehemu moja tu ya njia.

Sasa tulitazame lango lenyewe. Nachukua mfano wa Apache Guacamole, programu huria ambayo watu wengi huitumia kama lango, kwa kuwa kitabu chake cha maelekezo kiko wazi kwa kila mtu, na hivyo naweza kuyataja haya pasipo kufichua siri ya idara yoyote. Mfanyakazi hufungua kivinjari chake, huingia kwenye lango, nalo humletea skrini ya seva ya ndani, ama kwa itifaki ya RDP ya Windows, ama kwa SSH, ama kwa VNC. Katika mipangilio ya RDP mna kigezo kiitwacho ignore-cert. Kikiwashwa, lango hukipokea cheti chochote seva itakachokitoa, hata kama hakithibitiki. Katika mipangilio ya SSH mna kigezo kiitwacho host-key, ambacho msimamizi hukijaza ufunguo wa hadhara wa seva. Asipokijaza, wala asiliwekee lango orodha ya seva zinazojulikana, lango halihakiki nafsi ya seva hata kidogo. Waandishi wa kitabu wamelisema jambo hili kwa bayana, nami siwalaumu wao. Ninalolilaumu ni desturi ya kusoma ukurasa ule kwa ajili ya kutafuta neno litakaloondoa kosa kwenye skrini, kisha kitabu kikafungwa.

Maana mambo huenda hivi, na nimeyaona kwa macho yangu katika ofisi ambayo sitaitaja. Seva ya Windows inapowekwa hujitengenezea cheti chake yenyewe, kisichotiwa sahihi na mtu mwingine yeyote. Lango linapoifikia kwa mara ya kwanza hukikataa cheti hicho, na ndivyo inavyopasa. Fundi ana seva ishirini za kuunganisha na mkuu wake anamsubiri mlangoni. Anakitafuta kigezo, anakiwasha, skrini inatokea, watu wanashukuru, na kigezo kinabaki kimewashwa kwa seva zote ishirini mpaka fundi yule anahama kazi, na anayemrithi anadhani kwamba ndivyo mambo yanavyotakiwa kuwa. Hakuna aliyefanya hiana. Hakuna hata aliyekuwa mvivu. Ila lango limekuwa kama bawabu wa nyumba kubwa, anayemkagua mgeni kwa ukali barazani, akamwuliza jina lake na la baba yake, kisha akamwongoza gizani mpaka chumba ambacho bawabu mwenyewe hajui nani ameketi ndani, akamwambia amkabidhi huyo aliyemo mfuko wake wa fedha.

Na mfuko wenyewe hukabidhiwa kweli. Katika SSH, ikiwa lango huingia kwenye seva kwa nywila, basi nywila hiyo hufika nzima mikononi mwa mwongo aliyejifanya seva, kwa kuwa imefumbwa kwa ajili yake. Kwa kawaida nywila zinazohifadhiwa katika lango ni za wasimamizi, zenye uwezo juu ya seva nyingi. Mtu aliyeteka kompyuta ya karani asubuhi anaweza, kwa saburi ya siku moja tu, kuwa na funguo za idara nzima, naye hakuugusa ule upande wa nje wa lango ambao tumeutumilia fedha zetu zote, wala haitaonekana dalili yoyote katika kumbukumbu za lango, maana kwa upande wa lango kila kitu kilikwenda sawa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Fundi aende kwenye seva yenyewe, akae mbele ya kibodi yake, au kama ni seva iliyo ndani ya mashine nyingine, aifungue kwa njia ya usimamizi isiyopita katika mtandao ule unaoshukiwa. Aisome alama ya utambulisho wa ufunguo au wa cheti. Ailinganishe na ile inayoonekana langoni, herufi kwa herufi. Zikilingana, auandike ufunguo huo katika mipangilio ya lango na kukizima kile kigezo cha kupuuza. Kwa kila seva ni kazi ya dakika chache. Namsihi kila mkuu wa idara aliyemo humu ampe fundi wake siku mbili za kazi hiyo, bila ya kumwuliza kwa nini hakuna jipya linaloonekana kwenye skrini baada ya siku hizo mbili.

Hoja ya tatu: kwamba seva nayo huweza kulidhuru lango

Tumezoea kulidhania lango kuwa ndilo linalozilinda seva, na tukasahau kwamba lango ni programu inayosoma kila seva inachokituma, picha, sauti, na majina ya mafaili, na kwamba msomaji anaweza kudhurika kwa anachokisoma.

Mwaka 2020, katika miezi ile ambayo maradhi ya Covid yaliwafungia watu majumbani na ofisi nyingi zikasimika malango kwa haraka, wachunguzi wa kampuni ya Check Point waliichunguza Apache Guacamole kwa swali moja tu: je, kompyuta ya ndani iliyokwisha kutekwa inaweza kufanya nini pindi mfanyakazi aliye nyumbani anapoifikia kupitia langoni? Walikuta kasoro zilizosajiliwa kwa namba CVE-2020-9497 na CVE-2020-9498. Moja iliiwezesha seva mbovu kuyavuta yaliyomo katika kumbukizi ya lango, na nyingine iliiwezesha kuivuruga kumbukizi hiyo. Zikiunganishwa, kompyuta moja ya ndani iliweza kulimiliki lango lenyewe, na kutoka hapo kuyasikiliza mazungumzo ya wote wanaolipitia. Kasoro hizo zilizibwa katika toleo la 1.2.0, lililotoka mwezi wa Juni mwaka huo huo.

Mafunzo ya kazi ni mawili. Kwanza, sehemu ya lango inayozungumza na seva itenganishwe na sehemu inayohifadhi majina na nywila za watu, na ipewe uwezo mdogo kabisa wa kuifanyia kazi yake. Guacamole imegawanyika hivyo tangu asili yake, kwa kuwa ina programu ya nyuma iitwayo guacd, inayosikiliza kwenye poti 4822. Lakini guacd haimwulizi ajaye jina lake, na mawasiliano baina yake na sehemu ya mbele hayafumbwi mpaka msimamizi ayafumbe kwa TLS. Anayeziweka sehemu hizo mbili katika mashine mbili tofauti, akaliacha jambo hilo la TLS, ameufungua tena mlango wa Telnet katikati ya lango lake. Pili, viraka vya programu visisubiri kikao. Toleo lililotoka Juni lisiwe linajadiliwa Disemba.

Hoja ya nne: juu ya shahidi anayestahili kusadikiwa

Mtu mmoja katika walimu walioko mbele yangu aliniuliza kabla ya kuanza, na swali lake ni la haki: idara yenye seva 300 itawezaje kuandika funguo 300 kwa mkono, na kuziandika tena kila seva inapobadilishwa? Haiwezi, na haipaswi kujaribu. Inachohitaji ni shahidi, yaani mamlaka ya vyeti, ambaye lango linamjua yeye mmoja, naye huzitilia seva zote sahihi.

Lakini shahidi huyo ni nani? Kivinjari cha kila mmoja wetu kimekuja na orodha ndefu ya mamlaka za ulimwengu, na kila mojawapo inaweza kukitilia sahihi cheti cha jina lolote. Mwaka 2011, katika mji wa Beverwijk nchini Uholanzi, ilikuwako kampuni ya namna hiyo iitwayo DigiNotar, ambayo hata serikali ya nchi ile iliitegemea. Wadukuzi waliingia ndani yake katikati ya mwaka huo, wakajipatia vyeti vya uongo zaidi ya 500, kimojawapo cha majina ya Google, nacho kikatumika kuwasikiliza watu waliokuwa wakisoma barua zao huko Iran. Uchunguzi wa kampuni ya Fox-IT ulikuta anwani takriban 300,000 zilizoguswa. Jambo lilifichuka mwishoni mwa Agosti, vivinjari vikalifuta jina la DigiNotar, na kabla ya Septemba kwisha kampuni ilikuwa imefilisika. Uchunguzi ule ule ulieleza jambo ambalo nawaomba mafundi walitie akilini: seva zote za kutilia sahihi zilikuwa katika himaya moja ya Windows, hata ikatosha kulipata jina moja na nywila yake moja kuzifikia zote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kwa seva za ndani, ambazo hakuna mtu wa nje anayepaswa kuzijua, idara iunde mamlaka yake ndogo, na lango liambiwe kumsadiki shahidi huyo peke yake, si orodha nzima ya ulimwengu. Ufunguo mkuu wa mamlaka hiyo ukae katika kompyuta isiyounganishwa na mtandao wowote, ndani ya kasha, na utolewe mbele ya watu wawili kwa ajili ya kuutilia sahihi ufunguo wa chini yake, unaofanya kazi za kila siku. Kwa upande wa SSH, programu ya OpenSSH imekuwa na vyeti vya seva tangu toleo la 5.4 la mwezi wa Machi mwaka 2010, navyo havihitaji kununuliwa, wala havihitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Inanihuzunisha kuona jinsi vinavyotumika kwa uchache baada ya miaka yote hii, ilhali vyuo vyetu vinaweza kuvifundisha katika alasiri moja.

Hoja ya tano: kwamba lango lisibebe zaidi ya haja

Hii nitaipitia upesi, kwa kuwa wengi wameisema: akaunti, vikao na funguo zisizohitajika zisiachwe langoni. Mwezi wa Mei mwaka 2021, kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha mafuta katika mashariki ya Marekani, iliyasimamisha mabomba yake kwa siku kadhaa. Wadukuzi walikuwa wamepita katika akaunti ya zamani ya kuingilia kwa mbali, iliyokuwa ikilindwa na nywila tu bila ya uthibitisho wa pili. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 ilitangazwa kasoro ya lango la Citrix iliyosajiliwa kwa namba CVE-2023-4966, iliyowawezesha watu kuiba alama za vikao vilivyokwisha kufunguliwa. Na waliotia kiraka peke yake, bila ya kuvikatiza vikao vyote vilivyokuwa hai, waliendelea kuingiliwa, kwa sababu mwizi alikuwa amekwisha pita mlangoni. Na mwezi wa Aprili mwaka 2019 waendeshaji wa huduma ya mawasiliano ya Matrix.org walipata msiba unaotuhusu zaidi leo: msimamizi alipoingia katika seva iliyokwisha kutekwa, akiwa ameruhusu ufunguo wake wa SSH utumike kutoka huko kwenda mbele, mdukuzi aliutumia ufunguo huo huo kuzifikia seva nyingine. OpenSSH tangu toleo la 7.3 la mwaka 2016 inayo njia nyepesi ya kuruka kupitia lango bila ya kulikopesha lango ufunguo wako. Itumiwe hiyo.

Hoja ya sita: kwamba ufunguo hubadilika, na mabadiliko yatangazwe

Itafika siku ambayo seva halali itaonyesha ufunguo mpya, na lango litakataa kuipokea. Siku hiyo ndiyo mtihani wa idara. Kama hakuna aliyejua kwamba ufunguo utabadilishwa, fundi atakuwa na njia mbili: kusimamisha kazi za watu huku akitafuta ukweli, au kuubonyeza mlio wa tahadhari ukanyamaza. Mara nyingi hubonyeza, nami sioni ajabu, kwa kuwa tumemwacha peke yake.

Mabadiliko haya si ya nadra. Mwezi wa Mei mwaka 2008 ilitangazwa kwamba badiliko moja dogo lililofanywa mwaka 2006 katika mfumo wa Debian liliufanya utengenezaji wa funguo uwe na unasibu mdogo mno, kiasi kwamba kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zingeweza kutoka funguo 32,768 tu, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaweza kuijaribu yote. Na duniani kote watu wakalazimika kuzitupa funguo zao. Tarehe 24 Machi mwaka 2023, kampuni ya GitHub iliubadilisha ufunguo wake wa RSA wa SSH, baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi mahali pa hadhara. Kampuni ilitangaza siku ile ile, ikaeleza sababu, na ikaiandika alama ya ufunguo mpya kwenye tovuti yake, ili kila aliyeshtushwa na tahadhari apate pa kulinganisha. Hivi ndivyo amana inavyotunzwa.

Idara haihitaji ukubwa wa GitHub ili kufanya vivyo hivyo. Inahitaji daftari moja lenye jina la kila seva, alama ya ufunguo wake, tarehe uliyotengenezwa, na jina la aliyeuhakiki. Na inahitaji desturi kwamba ufunguo haubadilishwi mpaka tangazo lipelekwe siku moja kabla, kwa njia isiyokuwa ile ile inayolindwa na ufunguo huo. Daftari hilo liwe na nakala ya karatasi. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimewajibisha wenye kuzishika taarifa za watu wazilinde. Na atakapokuja mkaguzi kuuliza kwa ushahidi gani lango lilijua kwamba seva ya majalada ya wagonjwa ndiyo yenyewe, daftari hilo ndilo jibu.

Juu ya yaliyo mbele yetu

Nakaribia mwisho, Bwana Mwenyekiti, nami naomba dakika chache za kutazama miaka inayokuja, kwa kuwa kazi hii haitabaki kama ilivyo.

Mwezi wa Aprili mwaka 2025, jamii ya watengenezaji wa vivinjari na mamlaka za vyeti ilipiga kura ya kuupunguza umri wa vyeti vya hadhara: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi mwaka 2026, siku 100 kuanzia Machi ya mwaka 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi mwaka 2029. Cheti kinachotazama barabarani, basi, kitabadilishwa kila baada ya wiki chache, na hakuna mkono wa mwanadamu utakaoweza kuifuatilia kazi hiyo bila ya kuchoka. Sharti ifanywe na programu. Idara itakayoijenga programu hiyo kwa ajili ya cheti cha nje ichukue hatua moja zaidi na kuitumia kwa seva za ndani pia, chini ya mamlaka yake yenyewe.

La pili ni kubwa zaidi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa tarehe 13 Agosti mwaka 2024 viwango vitatu vya kwanza vya ufumbaji na sahihi zinazotarajiwa kuhimili kompyuta za kwanta, ambazo zikifikia ukubwa unaohofiwa zitaweza kuzivunja RSA na hesabu za Diffie na Hellman. OpenSSH ilitangulia, ikaanza mwezi wa Aprili mwaka 2022, katika toleo la 9.0, kutumia njia mchanganyiko ya kuafikiana siri inayokusudiwa kuihimili hatari hiyo. Lakini funguo za utambulisho, zile zinazosema kwamba seva hii ndiyo, katika sehemu nyingi zingali ni za aina ya zamani, na siku moja sharti zote zibadilishwe, katika kila seva na kila lango, ndani ya muda usio mrefu.

Idara yenye daftari na mamlaka yake ndogo itaifanya kazi hiyo kwa kutilia sahihi upya na kutangaza. Isiyokuwa navyo italetewa mamia ya tahadhari katika wiki moja, na itakiwasha kigezo cha kupuuza "kwa muda mfupi tu". Ndiyo sababu napendekeza, mbele ya wakuu wa idara na walimu waliohudhuria, kwamba kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha kila ofisi iliyowakilishwa humu iandike orodha ya seva zake zilizo nyuma ya lango, na mkabala wa kila seva iandike kama lango linaihakiki au haliihakiki; na kwamba chuo kilichotupa ukumbi huu kikubali kuwapokea mafundi wawili wawili kutoka kila ofisi, wajifunze kuunda mamlaka ya vyeti kwa mikono yao. Kwa mafunzo hayo najitolea kufundisha bila ya malipo, na karatasi ya kujiandikisha nimeiacha pale mezani karibu na mlango.